Mwana wa Nne wa Mtia Rangi

Mhandisi Mamduh alitandaza karatasi mbili juu ya kaburi la babu wa babu yake, akazikandamiza kwa funguo za gari zisipeperuke. Kisha akarudi nyuma hatua moja, mikono kiunoni.

"Soma mwenyewe, bibi. Si nimeambiwa wewe ndiye mtaalamu?"

Rawya Shindi alivaa miwani bila haraka. Alikuwa karani wa mahakama ya familia kwa miaka ishirini na miwili, kisha miaka tisa akawa anatafutia watu mababu zao kwa ujira. Hakusoma karatasi kabla ya kumsoma mwenye karatasi. Mamduh alikuwa na shati lililopigwa pasi, jasho kwapani na jicho kwenye saa. Upande wa pili, juu ya mawe yaliyofunika ngazi ya chumba cha chini cha kuzikia wanawake, Hajati Tafida, aliyemkodi Rawya, aliketi na bakora magotini kama mlinzi wa benki.

Nje ya ukuta tingatinga lilikuwa linanguruma. Ua wa makaburi wa tatu kutoka hapo ulikuwa kifusi tangu jana, kupisha barabara mpya.

"Kesho saa tatu asubuhi kamati inakuja," Mamduh alisema. "Mifupa ya ukoo wa Mitwalli inahamia kwenye ua mpya nje ya mji. Mita arubaini tu tumepewa. Walio kwenye orodha ya ukoo wanakwenda huko. Wasiokuwemo wanakwenda kwenye kaburi la sadaka, na wao wamestirika. Sheria sikutunga mimi."

"Orodha uliandika wewe," Hajati akamkata.

"Niliandika kwa ushahidi, shangazi."

"Usiniite shangazi. Ama mimi ni wa ukoo, ama si wa ukoo. Chagua moja."

Abu Sari', mtunza makaburi, aliyekuwa ameegemea sepetu, alikohoa ili asicheke.

Jambo lenyewe lilikuwa fupi. Ratiba, mama yake Hajati, alikuwa amelala chini ya ngazi ile kwa miaka kumi na tisa. Hajati alidai kwamba Abdulgawad, babu wa mama yake, alikuwa mwana wa nne wa Mitwalli mtia rangi nguo, mwanzilishi wa ua. Mamduh, kitukuu wa mwana wa kwanza, alisema Mitwalli alikuwa na wana watatu tu. Kama Mamduh ni mkweli, kesho Ratiba angefungwa kwenye shuka na kumwagwa pamoja na mifupa ya watu wasiojulikana, mahali ambapo bintiye hangeweza kumtofautisha na mtu mwingine.

Rawya aliinama sasa. Karatasi ya kwanza ilikuwa nakala ya sensa ya mwaka 1848, nyumba ya Mitwalli, kichochoro cha Darb el-Nila. Watu wanane: Mitwalli mwenyewe, mkewe Sekina, wana Hassanein, Mursi na Sayyid, mabinti Zannuba wa miaka tisa na Galila wa miaka saba, na kijakazi Zafarana, mweusi, wa miaka ishirini.

"Abdulgawad yuko wapi hapo?" Mamduh aliuliza. "Niambie. Nitamletea chai."

Karatasi ya pili ilikuwa ya sensa ya 1868, mtaa wa Wasuka Mikeka, ng'ambo ya mfereji. Abdulgawad bin Abdallah, mtia rangi, miaka ishirini na saba. Na ndani ya nyumba yake, mkewe Hamida, miaka kumi na tisa, na Zafarana, mweusi, aliyeachwa huru na Mitwalli, miaka arubaini.

"Bin Abdallah," Mamduh alisema, akigonga neno kwa kidole. "Makarani walimpa nani baba wa jina hilo? Watumwa walioachwa huru, kwa kuwa baba zao hawajulikani. Huyu ni mtoto wa kijakazi, amefundishwa kazi dukani kwa babu Mitwalli, akahama pamoja na mama yake. Akazikwa hapa kwa hisani. Nawaheshimu sana, lakini hisani si nasaba."

"Angalia anavyoniheshimu," Hajati alimwambia Abu Sari'. "Ananiheshimu mpaka jalalani."

Rawya aliinyanyua karatasi ya kwanza, akaigeuza kwenye mwanga. Muhuri wa nyaraka ulikuwa juu kulia, na namba ya maombi. Pembe za juu zilikuwa na nafasi nyeupe ya vidole viwili. Chini, jina la Zafarana lilikaa kwenye ukingo kabisa, mkia wa herufi ya mwisho umekatika.

"Hivi ndivyo ulivyopewa?"

"Ndivyo nilivyopewa."

Alinakili namba ya maombi kwenye kiganja chake kwa kalamu, akamrudishia.

"Kesho saa tatu," alisema.

"Usichelewe," Mamduh alisema. "Tingatinga halisubiri."

Chumba cha kusomea nyaraka hufungwa saa nane. Saa sita na robo Rawya alikuwa mlangoni, vumbi la makaburi kwenye viatu, mkate wa maharage mkononi.

"Hicho kinabaki nje," alisema Insaf, msimamizi wa chumba, bila kuinua kichwa. "Na wewe vilevile, kama huna kibali."

"Kibali ninacho tangu mumeo ana nywele."

"Basi ni cha kale kuliko madaftari."

Rawya aliumaliza mkate kwa matonge manne, akanawa mikono, akatoa penseli. "Darb el-Nila, 1848. Wasuka Mikeka, 1868. Na Darb el-Nila ya 1868 pia. Haraka, dada yangu."

"Kila mtu ana haraka tangu waanze ile barabara. Wiki hii wamenijia sita wanatafuta mababu. Watu ambao hata siku ya Idi walikuwa hawaendi kuwasalimia."

Madaftari yalikuja kwenye mkokoteni. Rawya alianza na lile lililomuumiza zaidi, la Wasuka Mikeka. Maneno yalikuwa yaleyale. Bin Abdallah. Zafarana, arubaini. Alifanya hesabu pembeni: mwanamke wa arubaini, kijana wa ishirini na saba. Angekuwa amemzaa akiwa na miaka kumi na mitatu. Haikuwa jambo lisilowezekana, na hilo lilimkera.

Insaf alikuja nyuma ya kiti. "Mbona ni mtoto wa kijakazi huyu? Wazi kabisa."

"Wazi sana. Ndiyo maana silipendi jibu hilo." Rawya alifunua ukurasa wa nyuma, kisha wa mbele. "Tafuta nami walioachwa huru. Wanaume."

Walipata wanne kwenye mtaa huo. Almas, mweusi, aliachwa huru na mfanyabiashara wa kahawa. Firuz, Mhabeshi, aliachwa huru na mjane fulani. Wengine wawili, vivyo hivyo. Karani wa mtaa ule alikuwa mtu wa mpango: rangi, nchi, jina la aliyekuacha huru, hata mara moja hakusahau.

"Sasa msome Abdulgawad," Rawya alisema.

Insaf alisoma. Akasoma tena. "Hana rangi. Hana aliyemwacha huru."

"Ana nini badala yake?"

"Mzaliwa wa Darb el-Nila."

"Karani yuleyule, ukurasa uleule, na Zafarana yuko mstari wa tatu ndani ya nyumba hiyohiyo na ameandikwa kila kitu. Karani hakuchoka kati ya mstari mmoja na mwingine. Huyu alizaliwa huru. Jina la baba alilitoa mwenyewe, na alidanganya."

"Kwa nini mtu adanganye kuhusu baba yake?"

Rawya aliinua macho. Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro dakika tano. Alilivuta daftari la 1848 na kufungua Darb el-Nila, nyumba ya kumi na tisa. Majina manane yalikuwa palepale, Zafarana wa mwisho. Lakini ukurasa haukuishia hapo. Chini ya Zafarana palikuwa na mstari, na chini ya mstari jumla ya nyumba, kama karani alivyofanya kwa kila nyumba. Ya kwanza ilikuwa kwa wino mweusi nayo imekatwa. Ya pili ilikuwa nyekundu.

Wanaume watano. Wanawake watatu.

"Hesabu nami," Rawya alisema, sauti imeshuka. "Wanaume kwenye orodha."

"Mitwalli. Hassanein, Mursi, Sayyid. Wanne."

"Wanawake."

"Sekina, Zannuba, Galila, Zafarana. Wanne." Insaf akavuta kiti, akakaa. "Jumla ni watu wanane, kwenye orodha na kwenye wino mwekundu. Hakuna aliyeongezeka."

"Hakuna aliyeongezeka. Mmoja amehama upande."

"Karani amekosea kujumlisha."

"Ndivyo atakavyosema Mhandisi. Tuangalie nyumba zote."

"Zote? Zipo arubaini na moja!"

"Basi chukua za juu, mimi nachukua za chini. Na usinisemeshe."

Walihesabu. Watu wawili wa meza ya pili waligeuka kuwatazama wanawake wazima wakinong'ona wanaume watatu wanawake sita, wanaume wawili wanawake wawili, kama watoto wa darasa la kwanza. Mfagizi aliingia, akaanza kukusanya viti. Saa saba na dakika arubaini Rawya aliweka penseli chini. Katika nyumba arubaini na moja, karani alikuwa amejumlisha sawasawa katika thelathini na nane. Tatu tu zilikuwa na masahihisho mekundu. Katika kila moja ya hizo tatu mwanamke mmoja alikuwa amehamia kwa wanaume, na katika kila moja palikuwa na msichana wa kati ya miaka sita na tisa.

"Walificha wavulana," Insaf alisema.

"Jeshi la Pasha, mtawala wa wakati huo, lilikuwa linawachukua, na viwanda vyake pia. Mama anamvalisha mwanawe gauni na hereni, anampa jina la kike, karani anapita anaandika binti. Baadaye anapita mkaguzi, na mkaguzi anainua gauni." Rawya aligonga wino mwekundu. "Majina hakuyagusa. Alirekebisha jumla tu, kwa sababu wakubwa walisoma jumla."

"Na ni yupi kati ya hawa wanne?"

"Sekina amezaa, tumwache. Zafarana tunamwona 1868, mwanamke, arubaini. Zannuba nipe dakika." Alipekua Darb el-Nila ya 1868, kidole kikikimbia. "Huyu hapa. Zannuba binti Mitwalli, mjane, watoto wawili, amerudi nyumbani kwa baba. Amebaki nani?"

"Galila."

"Galila hayupo. Hakuolewa, hakufa kwa maandishi, ametoweka. Alikuwa na miaka saba mwaka 1848. Ishirini baadaye anakuwa na mingapi?"

Insaf hakuhitaji penseli. "Ishirini na saba."

"Na kwenye nyumba ile hapakuwa na mtoto mwingine wa miaka saba, wa kijakazi wala wa nani. Kijakazi angekuwa na mtoto, angeandikwa chini yake. Mvulana amegunduliwa, jina lake liko kwa mkaguzi, akikua watamfuata. Kwa hiyo akavuka mfereji, akajipa baba wa uongo, na Zafarana aliyemlea akamfuata." Alifunga daftari. "Nataka nakala yenye muhuri. Leo."

"Nakala ni siku saba, Rawya. Unajua."

"Kesho saa tatu wanafukua."

"Hata wangekuwa wananifukua mimi, ni siku saba."

Mfagizi alizima taa za upande wa pili. Rawya alitazama kiganja chake, wino umeanza kufifia kwa jasho.

"Nakala mliyokwisha kutoa, mnabaki na pacha wake?"

"Kwenye faili. Yenye muhuri uleule."

"Na mtu akiomba nakala ya marudio ya pacha?"

Insaf alimtazama, akatazama saa. Zilibaki dakika nane.

"Hiyo ni siku hiyohiyo," alisema polepole. "Nisomee namba."

Karani wa kamati, Ustadh Wagih, alifika saa tatu na dakika ishirini akiwa na fomu kwenye mfuko wa plastiki na kofia ya jua iliyoandikwa jina la duka la rangi. Alikuwa na nyua kumi na moja za kumaliza siku hiyo na alisema hivyo mara tatu kabla ya salamu kwisha. Mashuka meupe yalikuwa yamepangwa kwenye benchi. Lori lilisubiri nje, injini ikiwaka.

"Orodha hii," Mamduh alisema. "Tuanze."

"Orodha ina pingamizi," Rawya akasema, akaweka nakala yake juu ya ya Mamduh. Yake ilikuwa ndefu kwa vidole vitatu.

Wagih alitazama muhuri wa moja, akatazama wa nyingine. "Namba moja, muhuri mmoja. Mbona hii fupi?"

"Mashine ya kutoa kopi," Mamduh alisema.

"Mashine yenu ina mkasi?" Wagih akauliza.

Rawya alimweleza, kidole kwenye kila mstari: wanne wanaofanya watano, wanne wanaofanya watatu, wanane wanaobaki wanane, nyumba tatu kati ya arubaini na moja. Wagih alihesabu kwa midomo. Abu Sari' alisogea, akahesabu pia, ingawa hakuna aliyemwomba.

"Hii ni kuchezea namba," Mamduh alisema. Uso ulikuwa umeiva. "Sawa. Tuseme Galila ndiye babu yao. Hati ya ua inasema kizazi cha wana wa kiume, si cha mabinti. Daftari la serikali linasema nini? Galila, binti. Basi wao ni kizazi cha binti. Nje."

Hajati alimgeukia Rawya.

Wagih alivua kofia, akajifuta. "Mhandisi. Huyo binti wako alioa mke anaitwa nani?"

"Hamida," Rawya alisema. "Miaka kumi na tisa. Iko kwenye karatasi ya pili, aliyoileta yeye mwenyewe."

"Na mwenyewe amelala chumba gani hapa, Abu Sari'?"

"Abdulgawad? Cha wanaume," Abu Sari' alisema. "Babu yangu ndiye aliyemzika. Sisi, bwana, tunaweza kukosea jina. Upande hatukosei."

"Mimi nimeona mengi kwenye kazi hii," Wagih alisema, akichomoa kalamu. "Binti aliyeoa, akazaa, akazikwa na wanaume, sijamwona. Serikali ilihesabu wanaume watano. Mimi ni serikali. Naandika watano." Akaandika. "Jina la marehemu?"

Hajati Tafida alisimama.

"Ratiba binti Shafik bin Abdulgawad bin Mitwalli."

"Polepole, hajati, fomu ni nyembamba."

Alirudia, jina moja moja. Mamduh alikuwa ameshaanza kukunja nakala yake fupi, anaikunja na kuikunja mpaka ikawa ndogo kama tiketi.

"Haya, tufungue," Wagih alisema. "Nina nyua kumi."

Abu Sari' na msaidizi wake waliinua mawe ya chumba cha wanawake. Hewa baridi ilipanda, ya udongo uliofungiwa. Mtunza makaburi alishuka ngazi mbili, akasimama, akageuka.

"Nataka mwanamume wa ukoo wa marehemu ashuke na mimi. Mwanamke hachukuliwi na mtu baki. Hajati, una kaka?"

"Kaka zangu wamekufa."

"Mwana?"

"Nina mabinti wanne, Mungu awalinde. Wote wako nje ya nchi."

"Basi mwana wa ami. Mtu yeyote wa damu yake, upande wa baba."

Nje, dereva wa lori alipiga honi. Wagih alikuwa anajifanya anasoma fomu. Rawya alifunga mkoba wake. Kazi yake ilikuwa imekwisha na angeweza kuondoka, ila hakuondoka. Hajati hakumwangalia Mamduh, aliangalia shimo.

"Imeshaandikwa, Mhandisi," Wagih alisema bila kuinua macho. "Kwa muhuri wa nakala yako."

Mamduh alivua saa, akaiweka kwenye benchi karibu na mashuka. Akavua viatu, kimoja kimoja, akakunja suruali na mikono ya shati lililopigwa pasi. Alichukua shuka moja, akainama asigonge kichwa, akashuka.

Walisikia miguu yake kwenye ngazi, halafu kwenye mchanga. Tochi ya Abu Sari' ilizunguka chini, ikasimama.

"Wako wengi," sauti ya Mamduh ilisema kutoka gizani. "Ni yupi?"

Hajati Tafida alipiga magoti kwenye ukingo, akaegemeza mikono yote miwili kwenye jiwe.

"Wa mwisho ukutani, mkono wa kulia. Mfupi," alisema. "Anza na kichwa, mshike kwa mikono miwili."